Wairingi ya Swichi za Taa Inayokubali Taima: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wa Tanga wanaojenga Kange, Pongwe, Mikanjuni na Duga, na wenye nyumba kongwe za Ngamiani na Raskazone wanaotaka taa zao zijiwashe na kujizima zenyewe kwa taima, yaani swichi yenye saa ndani. Majibu yanahusu umeme wetu wa kawaida wa nyumbani, volti 230. Kuunganisha ni kazi ya fundi mwenye leseni. Kazi ya mwenye nyumba ni kujua aagize nini, na aagize kabla lipu haijapigwa.

Nyumba yangu bado ni boma. Nimwambie nini fundi leo ili nikitaka taima baadaye nisibomoe ukuta?

Mwambie waya wa nyutro, ule wa kurudishia umeme ulikotoka, ufike kwenye kila boksi la swichi. Hilo ndilo kubwa, na ukisahau mengine yote kwenye ukurasa huu, hilo usilisahau. Kwa mazoea ya hapa kwetu, kwenye swichi hushushwa nyaya mbili tu: laini inayoingia, na waya unaorudi kwenye taa. Nyutro inapita juu, inakwenda moja kwa moja kwenye taa. Nyumba ikishapigwa lipu na rangi, kuongeza waya wa tatu kwenye paipu iliyobanwa na kona mbili ni kazi ngumu, na mara nyingi huishia kwa kupasua ukuta.

Baada ya hapo, agiza maboksi yenye kina, na paipu zisijazwe nyaya mpaka zibane. Taa za nje zipewe saketi breka yake peke yake, zisichanganywe na za vyumbani. Na kwenye mein swichi, boksi kuu lenye breka, ziachwe nafasi mbili au tatu zilizo wazi. Taima ya kufungwa humo inachukua nafasi sawa na breka moja au mbili, na ni masikitiko kuona mtu amenunua kifaa kizuri halafu boksi zima limejaa.

Swichi ya kawaida haihitaji nyutro. Kwa nini taima iihitaji?

Swichi ya kawaida haili umeme. Inafunga njia na kuifungua, basi. Taima ina saa ndani yake, na mara nyingi kioo cha namba na rilei ya kuwasha taa. Hivyo vyote vinahitaji umeme muda wote, hata taa ikiwa imezimwa. Ili umeme upite, lazima uingie kwa laini na utoke kwa nyutro.

Zipo taima za nyaya mbili zinazofanya kazi bila nyutro. Hizi hupitisha umeme mdogo sana kwenye balbu yenyewe ili saa yao iendelee kutembea. Zama za balbu za waya wa moto hakuna aliyeona tatizo, kwa sababu umeme ule haukutosha kuiwasha. Balbu ya LED inawaka kwa umeme kidogo mno, kwa hiyo utaiona inamulika hafifu usiku kucha, au inapepesa kila baada ya sekunde kadhaa. Watu hubadilisha balbu mara tatu wakidhani ni mbovu, kumbe shida ipo ukutani.

Fundi anasema nyutro kwenye kila swichi ni kupoteza waya. Nimjibu vipi?

Mjibu kwa hesabu. Chukua nyumba yenye maboksi 12 ya swichi, na kila moja linahitaji mita 4 za nyongeza kutoka darini. Hizo ni mita 48, yaani hata nusu ya bando la mita 100 la waya wa milimita 1.5 hazifiki. Linganisha na kuvunja ukuta mmoja tu, kuuziba, kuupiga lipu, skimu na rangi upya, na rangi mpya isifanane na ya zamani. Fundi wako si lazima awe na nia mbaya. Amezoea kazi inayopimwa kwa haraka. Lakini atakayeishi humo ni wewe.

Nyutro ambayo bado haijatumika ikatwe vizuri, mwisho wake ufungwe kwenye konekta, kisha ukunjwe nyuma ya boksi. Tepu peke yake haitoshi kwa joto na unyevu wa Tanga, maana gundi huachia.

Halafu kuna jambo ambalo lazima ulisisitize: nyutro inayoshushwa kwenye swichi iwe ya saketi ileile inayowasha taa ile. Ukichanganya nyutro za saketi mbili, RCD, kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, kitakuwa kinaruka bila sababu inayoonekana. Tena fundi anayezima breka moja akidhani yuko salama anaweza kupigwa na nyutro iliyobeba mzigo wa saketi nyingine.

Boksi la kina gani?

Maboksi ya swichi za mraba hupatikana ya kina cha milimita 16, 25, 35 na 47. Ya 16 yasahau. Ya 25 yanatosha swichi ya kawaida, lakini mwili wa taima ukishaingia pamoja na nyaya na konekta, kifuniko hakikai. Weka 35 kama kawaida ya nyumba nzima, na 47 pale unapojua fika kwamba taima itakaa. Tofali la nchi sita linabeba kina hicho bila shida. Ukuta wa nchi nne nao unabeba, ila angalia upande wa pili kusiwe na boksi lingine mgongo kwa mgongo.

Taa zipi zinastahili taima?

Za nje: baraza, geti, ukuta wa uani, na njia ya kwenda choo cha nje kama kipo. Ngazi na korido ndefu zinafaidika na taima ya kubonyeza inayozima baada ya dakika chache. Feni ya kutoa hewa bafuni nayo iendelee kidogo baada ya mtu kutoka, kwa sababu unyevu wetu hauondoki haraka.

Chumbani na sebuleni, kwa maoni yangu, acha swichi ya kawaida. Nyutro iwepo ndani ya boksi kwa ajili ya kesho, lakini usimwekee mgeni taa inayomzimikia akiwa anasoma.

Nahitaji taima ile ya bei kubwa inayofuata kuchwa na kuchomoza kwa jua?

Kwa Tanga, sioni haja. Taima hizo zimetengenezwa kwa nchi zilizo mbali na ikweta. London, kwa mfano, Desemba jua huzama kabla ya saa 10 jioni, na Juni huzama baada ya saa 3 usiku. Saa isiyojirekebisha haifai huko.

Sisi tuko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Novemba jua huzama karibu saa 12 na robo jioni. Mwanzoni mwa Februari huchelewa zaidi kuliko wakati wowote wa mwaka, na bado haipiti sana saa 1 kasorobo. Tofauti yote ya mwaka mzima ni kama nusu saa. Asubuhi jua huchomoza kati ya saa 12 kamili na saa 12 na dakika 35 hivi. Panga taa ziwake saa 12 na nusu jioni, na hutaigusa taima mpaka mwaka uishe. Kinachotupunguzia mwanga mapema ni mawingu ya masika, na taima inayofuata jua haiyaoni mawingu. Fotoseli, kifaa kinachohisi mwanga, inayaona.

Ukinunua ile ya kufuata jua hata hivyo, ingiza mahali ulipo: latitudo 5 kusini, longitudo 39 mashariki, na saa tatu mbele ya saa za Greenwich. Nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimewekwa mji wa Ulaya.

Nimeweka saa 12:30 na taa zinawaka mchana. Imeharibika?

Haijaharibika. Taima nyingi za namba zinahesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane, na sisi tunahesabu kuanzia machweo na mawio. Saa 12 na nusu jioni unaingiza 18:30. Saa 5 usiku ni 23:00. Saa 10 na dakika 45 alfajiri ni 04:45, na saa 12 na robo asubuhi ni 06:15. Waandikie watu wa nyumbani kikaratasi chenye saa zote mbili, ukibandike ndani ya mlango wa mein swichi. Siku ukisafiri na umeme ukasumbua, yeyote atakayebaki ataweza kurekebisha.

Na zima ule mpangilio wa majira ya joto. Taima nyingi zinasogeza saa zenyewe mwezi wa tatu na wa kumi kwa kufuata utaratibu wa Ulaya. Tanzania haina kitu hicho, na utashangaa taa zimechelewa au zimewahi saa nzima.

Umeme ukikatika, taima inasahau?

Inategemea aina. Taima ya duara yenye pini za kusukuma huendeshwa na mota ndogo. Umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu, nayo inasimama muda huohuo, na ukirudi inaendelea ilipoishia. Taa za saa 12 na nusu zitawaka saa 3 na nusu usiku mpaka mtu aizungushe kwa mkono. Zipo za aina hii zenye betri ya akiba, ila soma maandishi kabla ya kulipa.

Taima ya namba kwa kawaida ina betri ndani na inashika saa. Muulize muuzaji akiba ni ya saa ngapi, na kama betri inabadilishika. Iliyofungwa ndani moja kwa moja ikifa baada ya miaka kadhaa, unanunua kifaa kizima. Kwa mji ambao umeme unaweza kukatika mchana ukiwa kazini, mimi singependekeza taima isiyo na akiba hata kwa bei ya chini.

Taima ikae ukutani au kwenye mein swichi?

Kama taa za nje zina breka yake, iweke kwenye mein swichi. Laini inatoka kwenye breka, inaingia kwenye taima, inatoka kwenda kwenye taa. Taima inapata nyutro palepale, iko pakavu, watoto hawaichezei, na ikiharibika inabadilishwa bila kugusa ukuta. Ya ukutani inafaa pale unapotaka kuendesha taa moja iliyo kwenye saketi ya pamoja, au unapopenda kubadilisha saa mara kwa mara bila kufungua boksi kuu.

Vyovyote iwavyo, taima inakaa baada ya mein swichi yako. Mita ya LUKU na lakiri zake si mahali pa kugusa.

Nataka zijiwashe, lakini usiku mgeni akija niweze kuwasha kwa mkono.

Hapa ndipo mipango ya watu wengi inapoharibika. Wanafunga swichi ya zamani na taima kwa kufuatana, moja nyuma ya nyingine. Matokeo yake, mtu akizima swichi ya ukutani kwa mazoea, taima haina la kufanya na taa za geti haziwaki usiku huo.

Njia nzuri ni swichi yenye nafasi tatu: katikati imezima, upande mmoja inafuata taima, upande wa pili inawaka moja kwa moja. Njia nyepesi zaidi ni kufunga swichi ya mkono sambamba na taima, kila moja iweze kuwasha taa yenyewe. Kwa mpango huo, swichi ya mkono huwasha nje ya saa zake, lakini haiwezi kuzima wakati taima imewasha. Kwa taa za ulinzi hilo linafaa kabisa.

Sharti ni moja: zote mbili zilishwe na breka ileile. Kwenye nyumba yenye fezi tatu, laini mbili za fezi tofauti zikikutana kwenye swichi moja, kati yake kuna volti 400. Huo ni mlipuko.

Ili swichi hiyo ya mkono iweze kukaa mlangoni wakati taima iko kwenye mein swichi, vuta paipu tupu kutoka mein swichi mpaka mlango wa mbele wakati wa boma. Waya wa kuvutia uachwe ndani yake.

Ngazi yangu ina swichi za tuwei, mbili zinazowasha taa moja, chini na juu. Taima inaingia wapi?

Usijaribu kubadilisha moja ya hizo tuwei kwa taima ya ukutani isiyotengenezwa kwa kazi hiyo. Itafanya kazi upande mmoja tu. Afadhali ngazi ipewe vibonyezo, na taima moja ya ngazi kwenye mein swichi. Ukibonyeza popote, taa inawaka dakika ulizochagua, kisha inazima. Ukitaka ghorofa ya tatu siku za mbele, unaongeza kibonyezo sambamba na vingine.

Kama hujaamua, vuta nyaya za tuwei kama kawaida pamoja na nyutro kwenye maboksi yote mawili. Utakuwa na njia zote mbili wazi.

Taima imeandikwa ampea 16. Si ninaweza kuweka taa hata mia?

Ampea 16 hiyo ni kwa mzigo kama pasi au hita. Taa za LED zina vifaa ndani vinavyovuta umeme mwingi kwa kitambo kifupi sana zinapowaka, na mvuto huo unachoma ncha za rilei kidogo kidogo mpaka zinagandana. Dalili yake ni taa ambazo hazizimi tena hata saa ikifika. Tafuta kwenye boksi mstari wa wati za LED. Huwa ni namba ndogo kuliko unavyotarajia. Balbu sita za wati 9 hazina shida yoyote. Mataa makubwa ya kumulika uwanja, weka kontakta, yaani swichi ya mzigo mkubwa inayoendeshwa kwa umeme: taima iendeshe kontakta, na kontakta ndiyo ibebe taa.

Na pampu ya maji?

Kontakta ni lazima, kwa sababu mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake. Lakini taima peke yake kwenye pampu naipinga. Siku maji ya bomba hayatoki, taima haijui, na pampu itazunguka kavu mpaka iungue. Weka na boya la umeme kwenye tangi la chini, lizime pampu maji yakipungua.

Itanipunguzia uniti?

Kidogo, na ni vizuri kusema ukweli. Chukua balbu sita za wati 9, jumla wati 54. Zikiwaka kuanzia saa 12 na nusu jioni mpaka saa 12 na robo asubuhi, kwa mwezi ni kama uniti 19. Taima ikizima saa 5 usiku, ikawasha tena saa 10 na dakika 45 kwa wanaokwenda sala ya alfajiri, zinakuwa kama uniti 10. Umeokoa uniti tisa hivi. Faida kubwa iko kwingine: nyumba ina mwanga hata kama wote mko Muheza kwenye msiba, na hakuna taa inayowaka mpaka adhuhuri kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake atazima.

Chumvi ya bahari inaviharibu vifaa hivi?

Sana, hasa Raskazone na popote upepo wa kusi unapofika moja kwa moja. Taima isikae nje kabisa kama kuna namna. Ikibidi, ikae ndani ya boksi la plastiki lenye alama ya IP65, yaani lisilopitisha vumbi wala maji ya kurushwa, paipu iingilie chini na si juu, na skrubu ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu. Maboksi ya bati yanakwisha haraka. Matundu ya paipu yazibwe pia, maana sisimizi wanapenda vifaa vyenye joto, na wakijaa kwenye rilei inakwama.

Nyumba ni ya zamani, Ngamiani, na swichini hakuna nyutro. Nimekosa?

Hujakosa. Ukiwa na saketi ya nje inayojitegemea, taima ya kwenye mein swichi inamaliza habari. Kama taa imechanganywa na nyingine, nyutro ipo juu darini kwenye taa, kwa hiyo fundi anaweza kufunga kifaa kidogo cha rilei hukohuko, ndani ya boksi lake lenye kifuniko. Kwa taa moja ya baraza, balbu yenye fotoseli ndani inatosha na haihitaji waya wowote mpya. Kuta za udongo na mawe ya matumbawe zisichimbwe kwa ajili ya taa moja. Paipu au trankingi ya juu ya ukuta ikifungwa vizuri inapendeza.

Lakini lipo jambo ambalo nakuomba usilikubali hata fundi akikuapia: kutumia waya wa ethi, ule wa usalama unaokwenda ardhini, badala ya nyutro. Taima itafanya kazi, ndiyo, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa kila kitu kitaonekana sawa. Ethi haitakiwi kubeba umeme wa matumizi. Rodi ya ethi iliyochimbiwa ardhini ikilegea au waya wake ukikatika, umeme ule utatokea kwenye mwili wa friji, pasi, bomba la chuma. Mtoto atagusa. Penye RCD nzima, itaruka yenyewe, na fundi wa aina hiyo hatua yake inayofuata ni kuiondoa RCD. Mwachishe kazi.

Rangi za nyaya zinanichanganya.

Nyumba za zamani: nyekundu ni laini, nyeusi ni nyutro. Nyaya za utaratibu mpya: kahawia ni laini, buluu ni nyutro. Ethi ni kijani na njano. Waya unaorudi kutoka swichini kwenda kwenye taa ni laini pia, hata kama fundi ametumia rangi nyingine kwa kukosa waya, hivyo uwekewe alama. Usiamini rangi kabla ya kupima.

Nitajuaje fundi kafanya nilivyomwambia, kabla lipu haijafunika?

Nenda mwenyewe siku nyaya zimevutwa. Kwenye kila boksi hesabu: laini, waya wa taa, nyutro, na ethi. Mwambie apime kwa mita mbele yako kwamba nyutro ya boksi lile inarudi kwenye saketi yake, kwa kuitenganisha kwenye mein swichi na kusoma. Piga picha kila ukuta, futi ya kupimia ikiwa imeegeshwa, ili siku za mbele yeyote anayetaka kutundika kabati ajue paipu ilipo. Picha hizo zihifadhi pamoja na mchoro wa wairingi na fomu aliyosaini mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati, kwa ajili ya TANESCO. Malipo ya mwisho ya hatua hiyo yasubiri mpaka boksi la mwisho liwe limeonekana.